Sura ya Sita: Hita Isiyo na Kitambaa

Viatu vya marehemu vilikuwa vimetolewa nje ya mlango, ncha zikitazama ngazi, ili apite mwenye shida avichukue. Vilikuwa vya ngozi nyeusi, vimepasuka pale kidole gumba kilipozoea kusukuma, na mwenye shida aliyevitaka alikuwa bado hajapita. Inspekta Nezihe Balkır aliviruka, akavua vyake, akaingia. Nyuma yake Koplo Ferruh alibaki akihangaika na kamba za buti.

Nyumba ilinuka. Jiko la humo halikuwashwa tangu kifo, maana nyumba ya msiba haipiki, lakini majirani walikuwa wameleta masufuria yao hadi yakakosa pa kukaa. Mchuzi wa kondoo ulikuwa umeganda mafuta meupe juu, haluwa imeota ngozi, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu upepo wa kusini, ule unaorudisha moshi chini ya dohani, ulikuwa bado unavuma. Chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine, ya masizi, iliyokaa kooni kama uzi.

Inspekta alikuja kwa kazi fupi. Mama Müzeyyen, mjane, alikutwa Alhamisi mchana kwenye sakafu ya bafu, bomba la maji ya moto bado linatiririka. Daktari alisema ni hewa ya sumu iliyotoka kwenye hita. Hita yenyewe ilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa bafu: hita ya gesi ya ukutani, ile inayochemsha maji ya kuogea na hapo hapo kusukuma joto kwenye rejeta, vile vyuma vya kupasha joto vyumba vyote. Ilikuwa mpya, ndivyo kila mtu alivyosema, kuukuu iling'olewa ndipo hii ikafungwa. Tundu la hewa la jikoni lilikutwa limezibwa kwa soksi ya sufu. Aliyeliziba ni Gülizar, bintiye aliyeishi naye, na wala hakukana. Mwendesha mashtaka alitaka aletwe kabla ya alasiri, atie sahihi kwamba amemuua mama yake kwa uzembe, na jambo liishe.

Gülizar hakuwa sebuleni na waombolezaji. Alikuwa jikoni, ameketi juu ya debe la zeituni lililogeuzwa, mfuko wa plastiki mapajani. Kaka yake Nihat, anayekaa ghorofa ya juu, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba muuaji haketi na wafiwa. Kwa hiyo watu walipita jikoni kuchukua sahani, wakamruka miguu, wakaondoka bila kumpa hata pole.

"Niko tayari, afande," alisema. "Nimeshafunga taulo na sabuni."

Inspekta alivuta debe lingine akakaa naye ana kwa ana. Alimuuliza habari za soksi.

Gülizar alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kujihukumu na sasa anasimulia tu. Mama yake alikuwa akiogopa upepo wa shingoni, na katika mji huu nani asiyeuogopa? Watu wa Bursa wataacha mlango wazi kwa mwizi, lakini tundu la upepo watalifuata hadi walizibe. Yeye alimkatalia mama kuliziba tundu lile mara nyingi. Lakini aliporudi kutoka Kütahya, alikokwenda kumuuguza shangazi aliyevunjika nyonga, alikuta hita mpya ukutani, na mama akamwambia kwamba hii haina ubaya. Fundi mwenyewe alimweleza: ya zamani ilikuwa ikivuta hewa ya chumbani, hii mpya inavuta ya nje kwa bomba lake, kama mtu aliyetoa pua dirishani. Hata ukilisukumia mto tundu lile, haitadhuru. Basi Gülizar akachukua soksi ya mama iliyopoteza mwenzake, akaliziba.

"Ulimsikia fundi kwa masikio yako?"

"Sikumsikia. Ilifungwa nikiwa sipo." Aliufuta uso kwa kiganja. "Labda mama alielewa vibaya. Miezi ya mwisho alikuwa akikosea mambo. Macho yalikuwa yameisha."

Inspekta aliinuka akaitazama hita. Ilikuwa nyeupe pe, inang'aa kama jino la bandia. Bomba lake la moshi lilipanda juu, likapinda, likaingia kwenye dohani ya zamani ya jengo. Alilifuata kwa macho, kisha akatazama dirisha na ukuta wa nje. Hakuona bomba lililotoa pua popote.

Kando ya dirisha kulikuwa na kalenda ya msikiti, imening'inizwa chini mno, hata kuisoma ungeinama. Aliinyanyua. Nyuma yake kulikuwa na duara la plasta, upana wa kisahani cha chai, bado rangi ya majivu. Ferruh aligonga kwa kifundo cha kidole. Sauti ilikuwa nzito huku na nyepesi kule.

Kisha Inspekta aliona jambo jingine, ambalo asiyewahi kukaa na mwanamke wa aina ya Mama Müzeyyen asingeliona. Jikoni mle kila kitu kilikuwa kimevikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Jokofu lilikuwa nacho, kimeanguka mbele kama ukaya. Redio ilikuwa nacho. Kikapu cha mkate, birika la chai, hata mita ya gesi ilikuwa na kofia yake yenye vishada. Hita peke yake ilikuwa uchi.

"Mama hakuifumia hita?"

Gülizar alifungua droo, akatoa kitambaa kilichokunjwa ndani ya foronya. Alikikunjua juu ya meza. Maua ya komamanga, uzi mwembamba, kazi ya siku nyingi. Katikati kulikuwa na kidirisha kidogo kilichozungushiwa shanga za buluu, na ukingo wa chini ulikatwa ndimi ndimi, hazilingani urefu.

"Alikipima mwenyewe," Gülizar alisema. "Nilipotaka kuivisha hita, kikakataa. Ni chembamba, na kidirisha kinaangukia mahali pasipo na kitu. Mama alinyamaza siku nzima. Aliniambia, 'Gülizar, mimi sijawahi kukosea kipimo. Sasa nimekwisha.' Akakitia drooni, asikitaje tena."

Inspekta hakukigusa. Aliuliza kama mama alitoka nyumbani siku yoyote baada ya hita kufungwa. Gülizar alisema mara moja tu, yeye akiwa bado Kütahya, na jambo hilo mama alilisimulia kwa furaha hadi kufa kwake. Belgin, mke wa Nihat, alikuja akamchukua, akampeleka kuoga kwenye chemchemi za maji ya moto za Çekirge. Siku nzima. Akamsugua mgongo kwa mikono yake, akamnunulia na soda. Majirani waliona wakasema, mkwe kama huyu haokotwi.

"Na kabla ya hapo alikuwa akimpeleka?"

Gülizar alifikiri. "Hapana. Hiyo ilikuwa ya kwanza."

Sebuleni Nihat alikuwa ameketi kwenye kiti cha marehemu baba yake, sahani ya mchuzi gotini. Alikuwa mtu mnene, muuza vigae na mabomba, mwenye vidole vifupi vinavyong'aa mafuta. Alimaliza kunyonya mfupa kabla ya kuwaitikia polisi. Wazee wawili waliokuwa wakisoma Kurani waliinuka kwa adabu, wakatoka.

Alisema yeye ndiye aliyemnunulia mama hita hiyo, mtaa mzima uliliona boksi likipanda ngazi. Aliyeiharibu kazi ni fundi Yakup, na aliyeua ni Gülizar. Kuhusu plasta, alisema fundi alitoboa pabaya, akaziba. Kuhusu dohani, alisema yeye si fundi. Alikuwa akizungumza huku akichokoa meno kwa ukucha wa kidole kidogo, akiangalia alichokitoa, akikirudisha mdomoni.

Inspekta alitazama kalamu yake badala ya uso ule. "Soksi uliiona lini?"

"Wiki iliyopita. Nilishuka kunywa chai, nikaiona palepale."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwonya Gülizar. Nikamwambia utamuua mama."

Kutoka jikoni sauti ya Gülizar ilikuja, ya chini, isiyo na ugomvi. "Hukuniambia, kaka. Ulikunywa chai ukaniomba ndimu."

Nihat alicheka kwa pua. "Mmesikia? Hata leo hana aibu." Kisha akasogea mbele, akapunguza sauti kama wafanyavyo wanaume wakikaribia biashara. Alisema hita ile inamtia kinyaa, hawezi kuitazama. Amekwisha kumwita mtu wa vyuma chakavu aje aichukue alasiri hii hii. Polisi si wameshapiga picha?

"Alasiri hii," Inspekta alirudia.

"Nani atake kuishi na kitu kilichomuua mama yake, afande?"

Inspekta alirudi jikoni akamwagiza Ferruh aifungue. Ferruh alitafuta bisibisi, akalegeza skrubu, na kifuniko cheupe kikashuka. Wote wawili walirudi nyuma. Ndani kulikuwa na ukoko mweusi wa mafuta na masizi, umenata kama uji uliounguza sufuria. Mende wakavu walikuwa wamegandia humo, mbawa na miguu, wengine nusu. Harufu ya samaki wa kukaanga wa miaka mingi ilitoka, nzito, ikachanganyika na ya haluwa. Inspekta alipitisha ukucha kwenye ukingo wa kifuniko. Rangi nyeupe ilibanduka kama gamba la kidonda, na chini yake palikuwa na njano ya meno ya mvuta tumbaku.

"Hita mpya haizaliwi ikiwa na mende waliokufa," Ferruh alisema.

"Na mama huyu alikuwa akikaanga samaki?" Inspekta alimuuliza Gülizar.

Gülizar alitikisa kichwa. Mama hakuvumilia harufu ya samaki. Hata aliyekula nje aliambiwa anawe kwanza.

Mikono ya Inspekta ilikuwa nyeusi. Aliisugua kwa gazeti, masizi yakatandaa tu. Aliacha. Alimpigia simu askari wa zamu aje asimame mlangoni na asimruhusu mtu wa vyuma chakavu hata kuvua viatu.

Ferruh alikuwa na hakika ni fundi. Njiani kuteremka sokoni alipanga kesi yote: Yakup alimlaghai kikongwe asiyeona, akapaka rangi takataka ya zamani, akaiuza mpya kwingine. Tena, Ferruh alisema, mtu huyu alikwisha kufikishwa kituoni mwaka juzi kwa kuunga gesi bila kibali. Inspekta aliteremka mbele yake. Alikuwa ameishika mikono yake mbali na koti.

Walimkuta Yakup dukani, kati ya mabomba. Alipowaona aliketi kabla ya kuambiwa. Alikuwa amesikia. Aliapa kwa watoto wake kwamba hita aliyofunga ilikuwa mpya, ya kuvuta hewa nje, na kwamba alitoboa ukuta kando ya dirisha akapitisha bomba. Ferruh alimwambia tundu limezibwa plasta na hita ni kuukuu imepakwa rangi, na atafute kiapo kingine. Yakup aligeuka kijivu. Alisema hana ushahidi. Hakuna aliyekuwepo ila kikongwe mwenyewe, na Nihat aliyefungua mlango kisha akaondoka.

"Kikongwe alifanya nini wakati unafunga?" Inspekta aliuliza.

Yakup alimtazama kama aliyeulizwa habari za hali ya hewa. "Alinichelewesha, afande. Nimemaliza, nataka kwenda, ananiambia, 'Mwanangu, shika uzi hapa.' Akanipa ncha ya uzi nishike juu ya hita. Akapima mapana, akafunga fundo. Akapima urefu, akafunga fundo. Halafu akapapasa mabomba ya chini, moja moja, akipima yanapotokea, na koki niliyoifunga upande kwa kukosa ya kunyooka. Na kale kakioo ka namba katikati, alikapima kwa vidole. Nikamwambia, mama, usiifunike kabisa. Akaniambia, mimi sifuniki, mimi navalisha."

Ferruh aliacha kuandika.

"Ile iliyopo ukutani sasa," Inspekta alisema, "haina kakioo. Ina vifundo viwili vya kuzungusha."

Walirudi. Gülizar alikuwa bado juu ya debe lake, mfuko mapajani. Inspekta alimwonyesha mikono yake na kumwambia kwamba haifai kushika kazi ya mama yake. "Wewe kichukue kitambaa. Tunapanda juu."

"Kaka hataki niingie kwake."

"Sijamuuliza."

Nihat aliwaona wakipita, akaacha sahani, akawafuata ngazini akihema. Belgin ndiye aliyefungua. Alikuwa amevaa nguo ya mikono mifupi, uso umemng'aa kwa joto. Kule chini waombolezaji walikuwa wamekaa na makoti, maana rejeta za kule zilikuwa vuguvugu kama mkono wa mgonjwa hata kabla polisi hawajafunga gesi. Humu joto lilikuwa la kumtoa mtu jasho. Kwenye jiko kulikuwa na kikaango cha samaki wa asubuhi, mapezi yameganda kwenye mafuta.

Inspekta aliuliza hita yao iko wapi. Nihat alisema ipo kabatini kule roshani, ni ile yao ya zamani, haina cha kuangalia. Belgin alisema ufunguo umepotea. Ferruh alivuta mlango wa kabati, nao ukafunguka bila ufunguo.

Hita ilikuwa nyembamba, kakioo ka namba katikati kanawaka. Bomba lake lilitoka moja kwa moja ukutani, likatoa pua nje kwenye upepo.

"Hizi zinafanana zote," Nihat alisema. "Kiwanda kinatoa maelfu."

"Kweli," Inspekta alisema. "Gülizar, ivishe."

Gülizar alikikunjua kitambaa. Ikambidi aanze mara mbili. Alipitisha vitanzi viwili vya juu kwenye pembe, navyo vikakaa. Akakiachia. Maua ya komamanga yalishuka hadi kwenye ukingo, yasipite wala yasipungue. Kidirisha cha shanga za buluu kiliangukia kakioo, namba zikawaka ndani yake kama zilizotiwa fremu. Chini, kila ulimi uliingia kati ya bomba na bomba, mrefu kwa mrefu, mfupi kwa mfupi, pamoja na ule mmoja uliopinda kukwepa ile koki ya Yakup ya upande, iliyohamishwa pamoja na hita.

Hita iliendelea kuvuta pumzi yake safi kutoka nje.

"Kitambaa ni kitambaa," Nihat alisema. Sauti yake haikuwa na mafuta tena.

"Mkeo alipompeleka mama Çekirge," Inspekta alisema, "ulikuwa na siku nzima. Wewe ni muuza mabomba, hukuhitaji fundi. Ukaiteremsha takataka yenu na mende wake, ukaipaka rangi. Ukaipandisha hii. Ukaziba tundu, ukatundika kalenda ya msikiti juu yake. Hayo ni wizi, na wizi ningeuelewa." Aliinua macho, akamtazama usoni. "Lakini wiki iliyopita ulikunywa chai pale jikoni ukaiona soksi. Umeniambia mwenyewe ulijua itamuua mama. Mwenye hita mpya haogopi soksi, Nihat. Nyumba nzima wewe peke yako ulijua kuna cha kuogopa. Ukaomba ndimu."

Nihat alimgeukia mkewe. Belgin alikuwa akitazama kikaango. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye alimsugua mama mgongo tu, hakuambiwa kwa nini, na kwamba mama alimwombea dua palepale ndani ya maji. Kisha akaanza kulia, na kilio chake hakikumsogeza mtu yeyote.

Ferruh alitoa pingu. Vidole vifupi viliteleza kwa mafuta ya kondoo, ikabidi avifute kwanza. Mlangoni Nihat aligeuka, na wote walidhani atamwambia dada yake neno. Alimwambia Belgin apunguze hita, gesi inakwenda bure.

Inspekta alimwambia Gülizar kwamba hakuna karatasi ya kutia sahihi alasiri ile. Hata soksi ingekaa pale hadi kiangazi, hita hii ikiwa mahali pake isingemdhuru mtu. Mama alielewa sawasawa, na fundi alimwambia kweli.

Gülizar alikuwa hajamtazama kaka yake akitolewa. Alikuwa bado mbele ya kabati, kidole kikifuata shanga za buluu, moja, nyingine.

"Hakukosea," alisema. "Mama hakukosea kipimo."

Alikivua kitambaa taratibu, akaanza na vitanzi vya juu, akakikunja ndani ya foronya, akashuka nacho kwenda kuketi na wafiwa.

Inspekta Nezihe alibaki na mikono yake myeusi. Belgin, asijue la kufanya, alimwonyesha sinki na kumpa sabuni. Alifungua bomba. Maji ya moto yalikuja papo hapo, safi, ya kupendeza, na kule roshani hita ikanguruma kuyafuata. Akaigeuza koki upande wa baridi. Alisugua muda mrefu. Masizi yenye mafuta hayatoki kwa maji baridi, alilijua hilo, na alipovaa viatu vyake ngazini, karibu na vile vya marehemu, kamba zote mbili zilibaki na alama nyeusi za vidole.